Nukta Mbili Nyeupe

Likombe, Mtwara
13 Septemba 1999

Kwako Kaka yangu mpendwa Bakari,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi Somoe na watoto, na kifua cha wifi kiwe kimetulia. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nimempa mwalimu Anna akuletee mkononi, maana anarudi Mpapura kufundisha, na barua mbili nilizotuma kwa posta hukuzijibu. Sikulaumu. Ila hii nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umekasirika.

Nina jambo la kukueleza na sijui nilianzie wapi, kwa sababu mimi mwenyewe bado limenichanganya.

Sina haja ya kukukumbusha mkutano wa Mei, lakini nitaurudia, ili ujue sijasahau hata neno. Ulisimama ukasema mpaka wa kijiji ni kijito, na kwamba kabla ya mvua kubwa za mwaka jana kijito kilipita nyuma ya mikorosho aliyopanda baba, ndipo kikavunja ukingo na kuhamia kando ya njia. Bwana Nassoro wa kijiji jirani akasema kijito hakijahama hata hatua moja, kimekuwa kando ya njia tangu enzi, kwa hiyo mikorosho ni yao. Kila upande ulikuwa na mashahidi wake. Ndipo wakaniita mimi, mchora ramani wa mradi wa mipaka, niseme picha za ndege za miaka ya nyuma zinaonyesha nini. Nikainua ramani iliyochorwa kutoka kwenye picha hizo na kuchapwa kama inavyoonekana kwenye skrini ya kompyuta yetu, nikasema njia na kijito ni mstari mmoja. Bwana Nassoro akageukia watu akasema, "Mmesikia? Hata ndugu yake wa tumbo moja amemkana." Watu wakacheka. Ulinisindikiza mpaka kwenye gari, ukaniambia, "Safari njema, mtaalamu." Hujawahi kuniita hivyo.

Sasa nikueleze habari ya kompyuta, na univumilie, maana huko ndiko mambo yalikogeukia.

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuja kama msaada kutoka chuo kimoja cha Ulaya kilichokuwa kinabadilisha vyombo vyake. Ni ya aina yake peke yake. Ofisi nyingine hapa mjini zikipeana diski zinasomana. Hii haisomani na yeyote. Mafundi wawili kutoka Dar es Salaam waliifungua, wakaitazama, wakaifunga. Lakini kwa ramani ilikuwa hodari, na mimi ndiye niliyejifunza kuitumia, basi ikawa kama yangu. Kasoro yake ni skrini. Nukta zake ni kubwa kubwa. Ukisogea karibu, mstari ulionyooka unauona umekatika kama ngazi.

Mwezi uliopita Yohana, fundi wa mitambo pale bandarini, mtu wa Mbeya anayependa vitu vilivyowashinda wenzake, alipata kwa posta kadi ya picha, yaani kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili ionyeshe picha kwenye skrini. Imetengenezwa na watu wachache huko nje ambao bado wanatumia kompyuta kama yetu. Alisema itatupa skrini ya pili yenye nukta nyingi zaidi, na ile ya zamani itaendelea kufanya kazi pembeni yake. Skrini yenyewe tulipewa na ofisi moja ya Rahaleo iliyokuwa inahama.

Kaka, kwa siku nne nilikuwa kama mtu aliyehamishwa nyumba akiwa usingizini. Kwanza skrini mpya ilibaki nyeusi tii. Kisha ikawaka, lakini maandishi yakawa madogo kama mayai ya chawa. Kisha mshale wa mausi ukapotea. Nikasukuma mausi mpaka ikaanguka chini, kumbe mshale umevuka umeingia skrini ya pili, na mimi nautafuta kwenye ya kwanza. Yohana alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamuuliza, sasa hii ni kompyuta moja au mbili? Akasema ni moja, ila ina macho mawili, na jicho moja linaona vizuri kuliko jingine. Sikuelewa. Niliitikia tu.

Siku ya tano akaniomba nifungue ramani yoyote kubwa ajaribu kazi yake. Sijui kwa nini, nikafungua ya kwenu. Akaiweka nzima kwenye skrini ya zamani, na nzima tena kwenye mpya. Kwenye ya zamani, njia na kijito vilikuwa mstari mmoja mnene, kama nilivyouona siku zote. Kwenye mpya vilikuwa viwili. Vilikuja pamoja, vikaachana, vikaenda sambamba kipande kifupi, vikakutana tena. Katikati palikuwa na weupe.

Nilimwambia Yohana kadi yake ni mbovu. Akauliza kwa nini. Nikasema inaonyesha kitu ambacho hakipo. Akavuta kiti, akanieleza taratibu kwamba ramani ni ileile, na mistari ilikuwa miwili tangu siku ilipochorwa kutoka kwenye picha za ndege. Ila skrini ya zamani haikuwa na nukta za kuitenganisha, basi ikaibandika. Nikatazama huku, nikatazama huku. Mmoja. Miwili. Mmoja. Miwili. Nikasogeza uso karibu na kioo nikahesabu zile nukta nyeupe za katikati. Zilikuwa mbili. Kaka, safu zote sita za mikorosho yako ndizo hizo nukta mbili.

Ningeweza kuishia hapa, nikaitupia skrini lawama zote, nawe kwa roho yako ungenisamehe. Lakini halikuwa kosa la skrini peke yake, na hilo sijamwambia mtu ila mmoja.

Siku tatu kabla ya mkutano, niliikuza ramani mahali pale. Kompyuta yetu ina kumbukumbu ndogo. Ukikuza picha, inachora polepole na mara nyingi inaganda. Siku ile ilichora kipande tu, nikaiona mistari ikiachana, kisha ikaganda. Niliizima. Nilipoiwasha sikukuza tena. Nilijiambia ni hitilafu. Asubuhi ileile mkuu wetu, Bwana Goodluck, alikuwa amenionya kwamba anajua nina kaka kule, na macho ya watu yote yatakuwa kwangu. Nikaogopa kuonekana nambeba ndugu yangu. Kwa kuogopa kukubeba, nikakuangusha.

Na zaidi ya hapo, Kaka, utotoni nilioga kwenye kijito kile. Nilipita katikati ya ile mikorosho na ndoo kichwani. Nilikuwa na miguu iliyojua, nikaenda kuiuliza skrini. Nimejiuliza mara nyingi, siku ile nilikuwa nimesahau au nilikuwa nimejisahaulisha? Sipati jibu. Nikidhani nimelipata, kesho yake linageuka.

Mmoja niliyemwambia ni Bwana Goodluck. Aliniuliza kama Yohana anajua habari ya kukuza. Nikasema hajui. Akasema basi ningeweza kuripoti kadi mpya tu, na jina langu lisiguswe. Nilitoka nikazunguka jengo, nikarudi, nikamwambia nitaandika yote. Hakunigombeza. Alinipa karatasi. Tangu siku hiyo nimeondolewa kwenye ramani, napanga majalada, na sijui kama mkataba wangu utaendelea.

Ofisi ya wilaya imekubali mpaka usikilizwe upya Alhamisi, tarehe 23 mwezi huu, kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Ramani mpya tutakuja nayo. Siwezi kukuahidi kwamba utashinda. Bwana Nassoro naye atasema yake, na sijui wakubwa watapima vipi. Nasikia tangu Mei huhudhurii mkutano wowote. Tafadhali huu hudhuria. Nitasimama palepale nilipokukana, mbele ya walewale waliocheka, niseme kwamba niliona nikanyamaza.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya kifua nimempa Anna, ameifunga kwenye gazeti. Watoto wabusu wote kwa niaba yangu. Shangazi Hadija anakusalimu, anasema macho yake yamepona na anataka kuwaona. Mungu awalinde hapo nyumbani.

Ukiona huwezi kunipokea nyumbani siku hiyo, nitalala kwa Anna. Ila nakusihi, Kaka, kama ni kunifukuza, nifukuze nikishamaliza kusema.

Ni mimi mdogo wako,
Latifa