Harusi Iliyongoja Skailabu

Igamba, 24 Juni 1979

Mwanangu Enesi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila magoti ya mama yako yanamsumbua, na kahawa imeiva yote kwa pamoja.

Harusi yako ya tarehe 7 naiahirisha. Umesikia redioni? Chombo cha Wamarekani, Skailabu, kimekufa huko angani na mwezi ujao kinaanguka. Wenyewe hawajui kitaangukia wapi! Jamani, mtu anarusha kitu kikubwa kama ghala halafu hajui? Mimi najua. Kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka toka angani, si kiko hapahapa Mbozi? Chuma huita chuma. Siwezi kukusanya watu mia mbili uwanjani waje wafunikwe. Tungoje kianguke.

Ni mimi baba yako,
Nathanaeli

Tunduma, 28 Juni 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mpe pole ya magoti.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani ni utani. Osea amepata uhamisho. Jumatatu tarehe 9 anakwenda kuwa bwana shamba Mtwara, na likizo ni mpaka mwakani. Matangazo ya ndoa yameshasomwa kanisani. Dunia yote hii, baba, kichague Igamba? Nakuomba, nataka wewe ndiye unishike mkono kanisani. Nijibu upesi.

Binti yako,
Enesi

Igamba, 3 Julai 1979

Enesi,

Hatujambo. Nimesema tungoje. Osea kama ni mwanamume atangoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Baba yako

Igamba, 14 Julai 1979

Mwanangu Enesi,

Hujambo? Huku salama kabisa! Kimeangukia Australia, jirani yetu Barnaba kasikia redioni. Basi yaishe. Ng'ombe yupo, mchungaji amekubali Jumamosi tarehe 21, na nimeshonesha suti. Osea aombe ruhusa. Mbona kimya?

Baba yako anayekungoja

Mtwara, 2 Agosti 1979

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifuata huku Mtwara. Tu wazima, ila hasira bado ninayo, sitakuficha.

Tulifunga ndoa Tunduma, tarehe ileile 7. Mchungaji akauliza, "Nani anamtoa binti huyu?" Ndipo mama mwenye nyumba wangu, Mwanakombo, Mwislamu wa watu aliyekuja kunisindikiza tu, akasimama na buibui lake akasema, "Mimi. Baba yake anachunga mbingu."

Watu wakacheka, baba. Mimi nililia.

Binti yako,
Enesi