Taa Nyeupe ya Mama Mutua

Jumatatu, 3 Machi
Za kutengeneza leo: pasi mbili, redio moja, na ile feni ambayo mwenyewe hatakuja kuichukua. Mvua asubuhi yote. Nimetoka nyumbani Sarang'ombe hadi hapa kibandani Kawangware na viatu mkononi.

Saa nne Mama Mutua wa Kabiro akaja kibandani na taa iliyoungua. Si taa ya nyumba, ni ya tangi la samaki. Tangi aliachiwa na mwajiri wake alipohama nchi, baada ya Mama Mutua kumfanyia kazi miaka kumi na tisa. Maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe. Yeye anayaita maua, lakini ni wanyama, na yanaishi kwa mwanga. Bila taa yatakufa. Ile ya zamani siwezi kuifufua. Chumvi imekula ndani yote.

"Nitafutie ya bei ya mtu kama mimi," akasema. "Wewe ndiye unajua taa."

Nikasema najua.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuliza mjini. Taa ya matumbawe ni bei ya kodi ya miezi mitatu. Ningeweza kuunda mwenyewe, vitaa vya bluu na vyeupe kwenye bati. Kazi ya siku mbili tatu.

Kwa shelfu nina taa kubwa nyeupe, moja ya zile za kumulika geti. Imekaa mwaka mzima, hakuna mtu anaitaka.

Nimempelekea hiyo, akanilipa. Nikaifunga karibu kabisa na maji. Chumba kikawaka kama saa sita mchana. Mama Mutua akapiga makofi. Dada yake mdogo, Kalekye, anayeishi naye na kazi yake ni kufulia watu nguo, akafunika macho akicheka. "Hii si ya samaki, hii ni ya uwanja wa mpira!"

Nikawaambia mwanga ni mwanga. Wawashe asubuhi, wazime wakilala.

Nimerudi nikiwa na moyo mzito. Sijui kwa nini. Uongo. Najua.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimesoma kwenye simu kitu ningefaa kusoma Jumatatu. Matumbawe hupenda bluu zaidi. Mwanga mkali wa ghafla huyaunguza. Taa mpya inawekwa juu, inawashwa saa chache, unaongeza pole pole. Nimefanya kinyume cha kila neno.

Nilishika simu nimpigie. Sikupiga. Labda yatazoea.

Jumatano, 12 Machi
Nimepita Kabiro kama mtu wa kusalimia tu. Hayajazoea. Lile la zambarau, lenye matawi kama vidole, sasa ni jeupe kama mfupa.

Mama Mutua anadhani ni maji. Amebadilisha mara mbili, ya mtungi, si ya mfereji. Amepima chumvi hadi kipimo kimechoka. "Nimekosea wapi, fundi?"

Nikamwambia pengine ni maji.

Nilisema hivyo. Na taa inanichoma utosi.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikuimba.

Jumanne, 18 Machi
Mambo yameharibika. Mama Mutua amemshutumu Kalekye kwamba alitia mkono wa sabuni kwa tangi. Kalekye akaapa hajawahi kuligusa. Ploti nzima ilisikia. Kalekye akatia nguo zake kwa beseni, akaenda kukaa na rafiki yake huko mtaa wa Satellite.

Mama Mutua mwenyewe ndiye amekuja kuniambia. Macho mekundu. "Nimemlea huyo tangu mama yetu afe. Kumbe ni mkono wake."

Nilikuwa nafungua pasi ya mteja. Nikaendelea kufungua. Skrubu nne. Akaondoka.

Mimi ni mwoga. Hakuna jina lingine.

Jumatano, 19 Machi
Redio moja nimeifunga na kuifungua mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimefunga saa nane, nikaenda. Alikuwa anapika. Akasema karibu chai, nikakataa kukaa. Nikasema yote nikiwa mlangoni. Si maji, si sabuni. Ni taa. Ilikuwa imenilalia kibandani nikataka iende. Na tangu siku ya tatu nilijua.

Nilitegemea matusi. Alizima jiko. Halafu akazima taa ya tangi.

"Nilimwambia mkono wake ni mchafu," akasema. "Dada yangu. Mbele ya watu."

"Twende nimwambie mwenyewe."

"Utamwambia. Na mimi nitasimama hapo nisikie."

Tumeenda Satellite kwa miguu. Alitangulia njia nzima. Kalekye alikuwa anaanika nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuanika, kisha akamgeukia dada yake.

"Wewe hata hukuniuliza. Ulisema tu."

Hakurudi na sisi.

Jumapili, 23 Machi
Nimemrudishia pesa zake. Nimemuundia taa nyingine, ile ningefaa kuunda mwanzo. Vitaa vya bluu vingi, vyeupe vichache, bati la kutoa joto. Nimeifunga juu, urefu wa mkono kutoka kwa maji. Saa nne kwa siku, basi.

Alinishikia kiti nikipanda. Haniiti fundi tena. Ananiita Atieno.

Jumapili, 13 Aprili
Matumbawe manne yamekufa. Aliyatoa moja moja na kijiko. Moja la kijani, lililojificha nyuma ya jiwe, limefunguka.

Kalekye alikuja leo, eti kuchukua blanketi lake. Alikunywa chai kikombe kimoja. Waliongea Kikamba kidogo, sauti ya chini, sikuelewa na si langu kuelewa.

Alipotoka, blanketi lilikuwa linaburutika chini. Mama Mutua akamfuata hadi uani. Kila mmoja akashika pembe zake mbili, wakalivuta, wakalikunja, wakalikunja tena. Walichukua muda.

Nikangoja ndani mpaka wamalize, ndipo nikaaga.