Nilichoma Barua ya Daktari Nikidhani ni ya Hawara

Mpendwa Mama Brigita, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana kwa hili nililofanya hata mimi mwenyewe nimeshajihukumu na bado sipati usingizi.

Mimi ni mke wa mwalimu hapa Lulindi, mume wangu ni Dickson, Baba Stella, tuna miaka kumi na sita ya ndoa, na kama umewahi kusali misa kwetu sauti yake unaijua, ndiye besi ya kwaya, akianza yeye hata madirisha yanaitikia. Mwezi wa sita sauti ikaanza kukwaruza, tukasema ni salfa, maana alipulizia mikorosho dawa hiyo bila kujifunga kitambaa, na sigara zake anazovutia nyuma ya choo akidhani sizijui, basi nikamchemshia tangawizi, nikamchemshia tena, msimu wa salfa ukaisha, mwezi wa nane nao ukaisha, sauti haikurudi, akawa darasani anaandika tu ubaoni na kanisani anafungua mdomo kama samaki.

Sasa Mama, kuna mwanamke anaitwa Yuster. Ni mtu wa Mnyambe, nesi huko Newala, na kabla yangu ndiye alikuwa mchumba wa Baba Stella, posa ilishapelekwa kwao ikavunjika, akaolewa na mwingine na sasa ni mjane. Miaka kumi na sita nikilisikia jina hilo chakula hakishuki. Mwezi wa tisa Baba Stella akaanza safari za Newala, mara kikao cha walimu, mara anafuatilia dawa za mikorosho, na jirani yangu Mwanaheri anayeuza vitenge mnadani akaja akaniambia, "Mama Stella, mwalimu nimemwona Newala amekaa benchi moja na mwanamke, na yule mwanamke anamshika shingo." Anamshika shingo! Siku ile nilipeta mchele nikamwaga mchele nikabakiza chuya.

Jumatatu moja akiwa bafuni nikachukua simu yake, nikakuta ujumbe wa Yuster, naunakili kama ulivyo: "Jumatano saa mbili asubuhi. Usile kitu tangu saa sita usiku. Ukifika niulizie mimi, nitakuwa nawe mpaka uamke. Mama Stella usimwambie kwanza, tusimtie hofu." Mpaka uamke! Mama Brigita, niambie wewe ungeelewa nini. Nikaizuia namba yake isiweze kupiga tena, nikapekua koti, nikakuta bahasha imefungwa, juu imeandikwa Yuster na namba ya simu. Naapa sikuifungua, niliona nikisoma maneno ya mapenzi nitaanguka, nikaitia kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa majivu.

Jumatano akaamka mapema, nikamwekea chai na mihogo, akasema kwa kile kisauti chake, "Leo sina njaa." Nikasema moyoni, ndiyo, unakwenda kulishwa huko. Akaanza kutafuta bahasha, akainua godoro, akamwaga vitabu vyote, mimi nipo nafagia tu. Mwisho akakaa kitandani, akasema, "Basi. Labda Mungu ameona bora nisijue." Akavaa shati la kazi akaenda shule. Mimi nikachinja kuku kwa furaha.

Wiki mbili baadaye bodaboda ikasimama uani, akashuka Yuster. Mama, nilimtukana mpaka Mwanaheri akatoka nje kusikiliza. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Mama Stella, sikufuata mume. Nimefuata koo lake. Nakiuka miiko ya kazi yangu kukwambia, ila kila nikimpigia simu haiingii."

Akaniambia walikuja madaktari bingwa Newala kwa wiki moja tu, mmoja alimchungulia Baba Stella kwa kioo akaona kitu kimeota kwenye nyuzi za sauti, akamwandikia alazwe usingizi, apitishwe mrija wenye kamera kooni, kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Shingo aliishika akitafuta uvimbe. Ile bahasha ndiyo ilikuwa barua ya daktari, jina lake liliandikwa juu ili Baba Stella akifika amuulizie. Madaktari wameshaondoka, yeye Yuster amehangaika kumpatia nafasi nyingine Mtwara, tarehe ishirini na mbili. "Mwambie aje," akasema. "Ukitaka mimi nisiwepo, sitakuwepo."

Leo ni siku ya tano, Mama, na sijamwambia. Nikifungua mdomo itabidi niseme nilichoma barua. Na kuna jambo jingine, naona aibu kuliandika: kinachoniuma zaidi ni kwamba yule alijua kabla yangu. Mume wangu aliogopa, na hofu yake akampelekea yeye. Nifanyeje? Namba yangu ni hiyo chini, usiichapishe.

Mama Stella, Lulindi

MAMA BRIGITA ANAJIBU

Marahaba, Mama Stella. Wasomaji wajue kwamba barua hii inachapishwa leo, mwezi mzima baada ya kunifikia, kwa ruhusa yako na ya mumeo. Ilifika Jumatatu, tarehe kumi na tisa. Nilipoona ishirini na mbili sikungoja gazeti, nilikupigia. Nikakuuliza, "Baba Stella yuko wapi sasa hivi?" Ukasema yuko shuleni. Nikakwambia vaa viatu.

Ulikuwa unalia, nami nilikuwa mkali, na sikuombi radhi. Ulikuwa unajipima na Yuster wakati kuna kitu kinaota kooni mwake. Kitu hicho hakikuwa na habari na posa ya zaidi ya miaka kumi na sita iliyopita. Kila siku uliyonyamaza wewe, chenyewe hakikulala.

Ulivaa viatu. Ulimwita nje ya darasa ukamwambia yote, bahasha, jiko na ile namba uliyoizuia, na hilo nakusifu, kwa sababu ungeweza kutoa tarehe ukaficha majivu. Uliniambia alisema, "Mimi nilikuwa naogopa kufa, wewe ulikuwa unaogopa Yuster." Siku tatu hakusema nawe. Alikuwa na haki yake. Lakini Alhamisi mlikwenda Mtwara pamoja, na ulipoulizwa mlangoni nani atakaa naye mpaka aamke, ulisema, "Mimi."

Sasa tuseme kilichoonekana, maana wapo wanaosoma hapa huku wanakwaruza. Kamera ilionyesha kiuvimbe kama punje ya choroko kwenye uzi mmoja wa sauti. Maabara ikasema ni saratani. Picha za shingo zikaonyesha bado haijasambaa. Imekutwa changa, kwa hiyo anakwenda kupigwa mionzi, na daktari amewaambia matumaini ya kupona ni makubwa na sauti nayo huenda ikabaki. Angengoja mpaka ashindwe kumeza, leo wangekuwa wanazungumzia kuondoa koromeo lote na kumtoboa tundu shingoni la kupumulia. Ndiyo maana msomaji ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, tangawizi iweke chini nenda ukachunguliwe, hata kama una uhakika ni salfa.

Baba Stella, najua unasoma, nawe huponi hapa. Ulipelekaje hofu yako kwa mchumba wa zamani, ukamwachia mkeo vikao vya uongo? Yuster alikosea kukwambia umfiche, lakini ndoa si ya Yuster. Mke anayedanganywa hujaza nafasi kwa anachokiogopa. Na sigara sasa ziishe.

Mama Stella, lile jambo uliloona aibu kuliandika ndilo la kweli kuliko yote, na sitakwambia lisikuume. Linauma. Ila usilitatue kwa kupekua koti. Mkiwa njiani muulize uso kwa uso, "Kwa nini hukuniambia mimi?" kisha nyamaza, umwachie ajibu na hicho kisauti alichobakiwa nacho. Usimsaidie kujibu. Mambo ya Mwanaheri kwa sasa yakomee mnadani.

Ijumaa mnapanda basi kwenda Dar es Salaam, na mionzi ni wiki kadhaa. Kaa naye. Barua zote za hospitali zitunze wewe, kwenye mkoba wako, na safari hii zisome. Siku ambayo ngozi ya shingo imeungua na hataki kula, usiseme anakususia, mpe uji.

Na kabla hujapanda basi, mpigie Yuster. Wewe, si yeye. Mwambie asante kwa kupanda bodaboda mpaka kwa mtu aliyekuwa anamtukana. Ukishamaliza kusema asante, na ukawa bado una nguvu ya wivu, basi endelea nao.