Wimbo Unaokwaruza

Jumanne, jioni

Tatu. Wateja watatu wiki hii wamenirudishia flashi wakidai mbovu, na kila mmoja kanisema mbele za watu. Flashi ni nzima! Ni ule wimbo mpya tu, ninaoupachika namba moja kila ninapowajazia nyimbo, wasikie kitu ambacho redio haipigi. Unaanza kwa mkwaruzo wa mashine, sekunde mia na ishirini kamili, ngoma hakuna. Kibanda nilikianza na kompyuta moja ya mtumba, siwezi kupoteza wateja. Nikaamua: akija wa nne, naufuta.

Leo akaja Mama Neema, muuza samaki wa Igogo. Nikamwamkia, mkono tayari kupokea flashi.

"Marahaba. Ule unaokwaruza..."

"Naufuta, mama."

"Ufute nini? Nimeuacha ukwaruze nikipara sato, mara ngoma ikaingia. Mwanangu, kisu chenyewe kikawa kinafuata! Huyo aliyeutunga ana nyingine?"

Anazo sita, nikamwekea zote. Nilipomwambia mtunzi ni binti wa Kiseke, anazitengenezea chumbani kwake, akacheka.

"Mwambie aendelee. Ila mwanzoni aache kututisha."

Neno la kwanza nimemtumia binti sasa hivi. La pili nimelimeza.