Mulango muliopitia na Papa

Mama mupenzi,

Jambo sana toka Goma! Kanisa lenu la Anglikana nimelipata, lakini ule mulango muliopitia na Papa siku ya ndoa yenu uko chini ya miguu yetu. Volkano iliufunika kwa mawe ya moto. Yalipopoa, waamini wakasali chini ya hema huku wakiyapasua, mpaka wakajenga kanisa jipya palepale juu. Machozi yakanitoka. Muzee mmoja wa kwaya, aliyewaimbia siku ile, akacheka: «Mutoto wetu, usilie. Leo tunawatoa tena wazazi wako kanisani!» Akanishika mukono kama ndiye Papa, ngoma zikalia, tukatoka kwa vigelegele.

Umuambie Papa ameoa tena, na bibi arusi ni wewe yule yule.

Nawakumbatia wote wawili,
Zawadi