Kasia Jekundu la Baba

Kaka Muriuki,

Hujambo, na mama na wote hapo Sagana? Mimi niko Balambala wiki hii, nasimamia mitihani, na jua la huku halina adabu kabisa. Jioni nateremka mtoni kupunga upepo. Kaka, ni Tana wetu huu huu! Yale maji yaliyokuwa yakiturusha kwenye kayaki tukipiga mayowe, hapa yamekuwa mapana, mekundu, yanatembea kama ngamia aliyeshiba.

Leo Abdi, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, alinikuta nimeyakodolea maji macho ukingoni. "Mwalimu, nini imepotea?"

Nikamweleza. Baba alituimbia kila safari: ukipinduka, achilia vyote ila kasia. Halafu siku nilipopinduka mimi, akaliachilia lake jekundu ili anidake mkono. Unakumbuka tulivyomcheka njia nzima? Naye akajitetea, "Litafika Garissa kabla yenu."

Nilidhani Abdi atacheka pia, maana mabwawa yote yale ya njiani yangelipitishaje? Akayatazama maji kwanza. "Wallahi ikifika, mimi naweka kwa nyumba. Lakini wewe usiingie kutafuta, mamba iko."

Mkumbatie mama, mwambie nakula vizuri, maziwa ya ngamia nimeshayazoea. Na ile kayaki ya baba uliyotaka kuigawa, kwa kuwa haijaguswa tangu tumzike, ngoja kwanza. Huku kuna mtu anamwangalizia kasia lake.

Dadako,
Wanjiru