Livu Niliyopewa

Shamba la tumbaku, Usoke

Kwa kaka yangu Yeremia,

Shikamoo, kaka. Naileta shikamoo hii nikijua huenda usiiitikie, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Mnaendeleaje hapo nyumbani Kasulu? Mguu wako umepona? Mahindi yamelistahimili jua? Mimi mwili ni mzima, isipokuwa mikono, ambayo imekuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku na haitakati hata nikiisugua kwa mchanga.

Zabuloni alipofika kutoka huko nyumbani alinikabidhi barua yako. Umeandika: "Mama ametuacha, na wewe ulikuwa umemwacha kabla yake. Usikanyage kaburini kwake." Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Hasira yako naielewa. Mlinitumia habari kwamba anaumwa na ananiita, mkangoja, na mtu hakutokea. Lakini sikumwacha, kaka. Nisikilize kwanza, kisha uamue.

Unakumbuka kule misheni nilifundishwa Kizungu kidogo kabla baba hajanitoa kwenda kuchunga. Mwalimu alituandikia ubaoni livu, akasema maana yake ni ondoka. Nilipofika hapa nikalikuta neno hilo limetapakaa shamba zima. Bwana wetu, tunayemwita Bwana Miwani, ni mgeni nchini, na Kiswahili chake hakizidi "lete" na "upesi". Kutwa anapita kwenye matuta akisema livu, livu, na nyapara Kasanda akaniambia kwamba hapo anasema majani ya tumbaku. Tena yule bwana aliyemtangulia alipokwenda kwao kupumzika, watu walisema amekwenda livu, yaani amepata ruhusa. Nikajiambia, neno hili nalijua pande zake zote, siku moja litanifaa.

Habari ya mama ilifika wakati wa mavuno. Kasanda ni Mnyamwezi wa hapa hapa, wala si mtu mbaya, lakini aliniambia, "Ruhusa sasa, Muha? Mabani yamejaa. Bwana atanila mimi kwanza." Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto. Basi nikaona niende kwa Bwana mwenyewe na Kizungu changu. Nilimkuta mlangoni mwa bani, nikavua kofia, nikasema nataka livu.

Akanitazama, akayatazama majani yaliyoning'inia nyuma yake, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema neno kwa Kasanda, na Kasanda akachomoa fungu kwenye majani yaliyoungua, akanitupia kifuani.

"Haya, msomi. Umepewa."

Wenzangu walishika mbavu. "Kizungu cha Filipo kimezaa tumbaku," mmoja akasema. "Kesho tuombee na kiberiti."

Mimi sikucheka. Fungu lile nililitunza hata hivyo, maana mama na kiko chake unawajua.

Kesho yake nikarudi, na safari hii nikamvuta Kasanda aje nami. Nikasema maza, nikalaza shavu kiganjani kama mgonjwa, nikaonyesha upande wa machweo, huko kwetu, nikasema livu. Sasa Bwana alielewa. Alisema maneno mengi akinyoosha kidole kwenye mabani, uso umemwiva, na mwisho akapunga mkono kuelekea barabarani: "Livu iti. Livu iti." Akageuka akaenda zake.

"Kasemaje?" nikamwuliza Kasanda.

"Si kasema livu? Tena mara mbili, na njia kakuonyesha. Nenda kamwone mama yako. Ukirudi niletee chumvi ya Uvinza."

Nikapanda garimoshi hapo Usoke, fungu la tumbaku kwapani. Tangu nitoke kwetu sijawahi kuwa na furaha kama ile. Lakini simu ilikuwa imenitangulia. Tuliposimama Urambo, askari aliingia akauliza Muha wa shamba la tumbaku la Usoke ni yupi, na mimi kwa ujinga nikanyoosha mkono, nikidhani mmeleta habari nyingine ya mama.

Nilishitakiwa kwamba nimetoroka kazini. Walinipeleka Tabora mbele ya mzungu mwingine, na karani akawa anatafsiri. Kasanda alipoulizwa alisikia nini, alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi sijui Kizungu, bwana." Basi nikabaki mimi na karani.

"Bwana wako alikuambia nini?"

"Aliniambia livu."

"Alikuambia livu iti. Maana yake achana na jambo hilo."

"Na livu peke yake ni nini?"

"Ni ondoka."

"Na ruhusa ya kwenda kwetu?"

"Hiyo nayo livu."

"Na majani niliyopewa juzi?"

"Majani nayo hutamkwa karibu hivyo hivyo."

"Sasa, mzee, mimi nimekosa wapi?"

Karani alinihurumia, nilimwona. "Kwenye iti," akasema. Watu wakacheka, na nikafungwa.

Wafungwa tulipelekwa kufyeka kando ya barabara ya zamani ya misafara, ile aliyoipita babu na pembe ya ndovu begani. Tulipokuwa wadogo tulisimuliwa safari zake tukamwonea huruma. Mimi simwonei tena. Babu akishatua mzigo alirudi kwao kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemshusha njiani. Siku hizo ndizo mama alikata roho, mimi nina fyekeo mkononi, uso nimeuelekeza huko kwenu.

Nilipofunguliwa nilirudishwa hapa hapa nimalize mkataba, na siku za kifungo hazimo katika hesabu. Kasanda hanitazami machoni. Juzi aliniwekea mnofu wa nyama juu ya ugali wangu. Niliula, kwa kuwa nilikuwa na njaa, lakini hatujaongea.

Kaka, hao wenzetu neno moja limewatosha kwa jani, kwa ruhusa, kwa kuondoka na kwa kuacha. Sisi tunayo yote manne mbalimbali, na wewe kwangu ukachagua lile la mwisho. Mimi niliondoka nimfuate mama. Nilizuiwa. Lile neno lako naomba ulirudishe.

Nisalimie shemeji, na mwambie sijasahau uji wake. Dada Yunisi aliyemwosha mama mpe pole yangu ya peke yake, kwa kuwa alifanya na zamu yangu. Nawe katekista unayemsomea kaka barua hii, nakusalimu, tafadhali usipunguze neno.

Zabuloni anakuja na lile fungu la tumbaku. Askari walichukua mkanda na kisu changu, hili wakanirudishia. Limeungua upande mmoja na limepondeka kwa kulaliwa. Kama mimi nimekatazwa kukanyaga kaburini, basi wewe liweke pale, upande wa kichwani. Mwambie mama kwamba Filipo aliomba livu, na hii ndiyo aliyopewa.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja jibu,

Filipo